Alama za Jasho la Mume Wangu

Kwa Ndugu Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Ufundi wa Mikono, Madarasa ya Jioni.

KUHUSU: MTU ALIYEJITAHIDI KUNYIMWA ALAMA ZA KUJITAHIDI

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Natumai barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu, na tena umekaa vizuri, maana humu ndani yumo mtu asiyeweza kukaa kabisa, nami sipendi usome habari zake ukiwa umesimama ukadhani ninakudhihaki.

Mimi ni karani wa mahakama. Kazi yangu ni kupiga chapa hukumu, kupanga majalada na kuwaambia watu wanyamaze. Sina tabia ya kulalamika. Nimeandika malalamiko ya watu wengine kwa muda mrefu, na wengi wao walishinda. Leo ni zamu yangu.

Mume wangu ni mwanafunzi wako katika darasa la ushonaji. Ni yule mzee wa benchi la nyuma, karibu na dirisha, anayekuja na kofia ya reli na kuivua mlangoni kana kwamba anaingia kwa daktari. Mtaani wanamwita Mzee Reli. Mimi namwita mzee wangu.

Kabla ya madai, ni haki yako kujua tulivyofika hapa. Mzee wangu aliendesha treni maisha yake yote ya kazi. Njia yao ilipofungwa, alirudi nyumbani na kofia, taa na filimbi, akaketi mlangoni. Mwanzoni nilifurahi kuwa naye. Kisha akaanza kutuendesha sisi. Chai ikichelewa kidogo, anasimama penye mlango wa jikoni anatangaza kwamba chai ya saa kumi imepata hitilafu njiani na abiria wanaombwa radhi. Wajukuu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona mtu mwenye nguvu zake zote na hana pa kuzipeleka.

Ndipo alipoliona tangazo lenu kwenye ukuta wa kinyozi: jifunze kushona nguo, umri si hoja. Alilisoma, akaja nyumbani, akazungukazunguka, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuja kwetu kuniposa: "Mama watoto, unadhani watanikubali?"

Nikamwambia, "Wakikukataa, watanitambua."

Mlimkubali, nawashukuru. Sasa nieleze kwa nini ninawalalamikia.

1. Alama zenyewe. Mwisho wa mafunzo mwalimu wa darasa, yule mwanamke kijana ambaye wanafunzi wanamwita Madamu Sentimita, aliwapa mtihani wa kushona shati la mikono mirefu. Mzee wangu alipata thelathini na moja kati ya mia. Anayetaka cheti anatakiwa apate hamsini. Karatasi ya matokeo ilibanwa kwenye shati kwa pini, mfano wa hati ya mashtaka, na iliandikwa hivi, neno kwa neno: "Kola imeshonwa nje ndani. Mkono wa kushoto uko kulia na wa kulia uko kushoto. Tundu za vifungo ni nyingi kuliko vifungo. Mfuko umeshonwa chini, pande zote mbili, na juu. Mwanafunzi ana bidii sana."

Naomba uisome tena sentensi ya mwisho. Mwanafunzi ana bidii sana. Imeandikwa kwa mkono wa mwalimu na kutiwa saini yake. Kwetu mahakamani, jambo likikubaliwa na upande wa pili kwa maandishi, halibishaniwi tena, linahesabiwa. Makosa manne ya shati yamehesabiwa, kila moja na alama zake. Bidii imetajwa, ikasifiwa, ikaachwa imesimama nje kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia apite. Kama haina alama, iliandikwa ya nini? Kama iliandikwa kwa ajili ya kumfariji mzee, nakuarifu kwamba hakufarijika.

2. Juhudi zilikuwepo, nami ni shahidi wa macho. Mwalimu alimwona mzee wangu kwa muda wa somo tu. Mimi nilimwona muda wote uliobaki. Alinunua cherehani ya mtumba, ile ya kukanyaga kwa mguu, akaiweka mahali palipokuwa na meza yetu ya chakula. Tangu hapo tunakula tumepakata sahani. Alianza mazoezi na mapazia. Tulikuwa na mapazia ya sebule. Sasa tuna leso, na ni nyingi. Akahamia kwenye shuka, ajifunze kukunja pindo. Alikunja upande mmoja, akaona hauko sawa, akakata, akakunja tena, akaona upande wa pili sasa umezidi, akaukata nao. Shuka ile ilikuwa ya kitanda kikubwa. Leo inafunika mto, ukiwa mto mdogo.

Unapaswa pia kuelewa ugumu wa mtu huyu hasa. Treni haina usukani. Maisha yake yote kona zilikatwa na reli, yeye kazi yake ilikuwa kwenda na kusimama. Sasa mnampa kwapa la shati, ambalo lote ni kona. Akifika pale anakanyaga, anashika breki, anachungulia, anakanyaga tena, na cherehani inanyooka mbele hadi inatoka nje ya kitambaa. Nimemwona akitokwa jasho hadi likadondokea kwenye uzi. Nimemwona akizungumza na kwapa. "Ingia basi," anabembeleza, "ingia polepole, baba."

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi kimya mbele ya cherehani, mikono imetulia. Nikamsalimia, akaitika vizuri. Nikamwomba anisaidie kubeba viazi, akasema, "Nakuja." Hakuja. Nikarudia, akasema, "Nakuja, mama, wewe tangulia." Nilipokwenda kutazama, nikaona kwamba mkono wa shati alilovaa na mkono wa shati alilokuwa akilishona imekuwa kitu kimoja, na yote miwili iko chini ya sindano. Alikuwa hivyo tangu mchana. Mkasi ulikuwa juu ya kabati, mbali na mkono wake. Hakuita jirani hata mmoja. Alisema hakutaka watu wakiseme vibaya chuo chenu.

Mwulize mwalimu wako, katika wanafunzi wake wote waliofaulu, ni nani mwingine aliyejishona kwa ajili ya masomo.

3. Juhudi za familia nazo hazikuhesabiwa. Mimi nilikuwa sanamu la kupimia. Nilisimama katikati ya sebule nimenyoosha mikono huku nikichomwa pini, na nikiguna naambiwa nisitikisike. Asubuhi moja nilikwenda kazini na pini moja imesahaulika mahali ambapo sitapataja. Hakimu alikuwa akisoma hukumu. Nilipoketi, niliruka. Hakimu aliacha kusoma, akavua miwani, akaniuliza kama nina pingamizi.

Kuna shemeji yangu pia, mdogo wake mzee, ambaye aliitwa kwenye usaili wa kazi ya karani wa ghala. Kaka yake akamshonea suruali. Ilimkaa vizuri sana akiwa amesimama. Tatizo lake ni moja tu: mzee wangu alimpima akiwa wima na hakukumbuka kwamba binadamu ana magoti. Shemeji alipoingia ofisini wakamwambia, "Karibu, keti." Akajibu, "Asanteni, hapa hapa panatosha." Wakamwambia tena aketi. Akasema, "Mimi kusimama nimezoea, wala sichoki." Wale mabwana wakatazamana. Ukarani wakampa mwingine. Yeye wakamwajiri mlinzi wa lango kuu, wakisema hawajawahi kuona mtu mwenye moyo wa kusimama namna ile. Mpaka leo yuko kazini na bosi wake anamsifu.

Sasa nakuuliza kwa heshima zote: hizo nguo zilizopata alama tisini hapo chuoni, ni ngapi zimewahi kumpatia mtu ajira?

4. Kuhusu tisini hizo. Yupo binti wa nywele fupi katika darasa hilo hilo, anayetafuna chingamu. Alipata tisini na mbili. Mzee wangu anasema huyu huchelewa kufika, hukata kitambaa huku akisimulia wenzake sinema, na humaliza wakati wengine bado wanatafuta ncha ya uzi. Hatokwi jasho. Hajawahi kujichoma. Sina ugomvi na binti huyo, na mzee wangu anampenda kwa kuwa humtungia uzi kwenye sindano bila kumcheka. Lakini kwa haki ya kawaida, mtu ambaye hakuteseka amepataje alama nyingi kuliko aliyeteseka? Ingekuwa ni mimi, angepunguziwa alama kumi kwa wepesi, tano kwa chingamu, na sinema tungeijadili.

5. Nilijaribu kulimaliza jambo hili kwa amani. Nililitia shati mkobani nikamfuata mwalimu darasani mchana, kabla ya somo. Alikuwa peke yake, anapiga pasi vipande vya mfano. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti.

"Mwanangu," nikamwambia, "nimekuja kwa ajili ya zile alama."

"Nilijua utakuja, mama. Mzee hajambo?"

"Mzee hajambo. Wagonjwa ni hizo alama."

Nikalitoa shati nikaliweka mezani. Hakulitazama sana, alilijua. Akanisogezea, akasema, "Mama, hebu ingiza mkono."

Nikaingiza. Mkono ukapotea. Nikausukuma, ukazunguka humo ndani, ukatafuta njia, na ulipotokea ulitokea kwenye kola.

"Sasa, mama, mtu atalivaaje hili?"

"Kwa kujitahidi," nikasema. "Lilivyoshonwa ndivyo litakavyovaliwa."

Aliuma midomo. Nakiri kwamba hakucheka, na nilimheshimu kwa hilo. Akazima pasi, akaja kukaa karibu yangu. "Mimi nampenda mzee. Ndiye pekee anayefagia vipande vya kitambaa bila kuambiwa. Lakini cheti kikitoka hapa atakitundika ukutani. Mtu atapita, atakiona, atamwachia kitambaa chake. Labda ni cha sare ya mtoto, labda ni cha harusi, amekitafuta kwa shida. Huyo mtu hamjui mzee, mama. Hatamwona akihangaika. Ataliona shati tu."

"Basi mpe hamsini, halafu uandike chini kwamba asipewe kitambaa cha watu."

"Cheti cha ushonaji, mama, kinachosema mwenyewe asipewe kitambaa?"

"Kitakuwa kinasema ukweli. Wewe umeona vyeti vingapi vinavyosema ukweli?"

Hapo alicheka. Mimi nikanyamaza. Si kwamba nilishindwa hoja. Mkono wangu ulikuwa bado umenaswa kwenye kola na nilikuwa nauvuta kwa siri. Mwishowe akaniona, akanishika bega, tukasaidiana kunitoa. Nikamuaga. Nilipofika nje nikakumbuka majibu mazuri sana, ambayo ndiyo haya yafuatayo.

6. Sheria. Katika kazi yangu nimepiga chapa hukumu za watu wengi waliofungwa kwa kujaribu. Mtu amekwenda kuiba, ameshindwa kufungua mlango, amerudi nyumbani mikono mitupu, na bado anafungwa, kwa sababu alikusudia na akajitahidi. Hakuna hakimu aliyewahi kumwambia, "Kwa kuwa mlango haukufunguka, nenda zako." Kusudio linahesabiwa na juhudi inahesabiwa. Ikiwa dunia inamwadhibu mtu kwa wizi alioukusudia ukamshinda, kwa nini isimtunuku mtu kwa shati alilolikusudia likamshinda? Ama wote wawili wahesabiwe, ama twende tukafungue magereza. Nimelitafakari hili nikiwa kazini na nikakosea kupiga chapa jina la mshtakiwa. Hicho ndicho kiasi ninachoamini hoja hii.

7. Kwa hiyo napendekeza utaratibu mpya, nawe unaweza kuutumia bila kunitaja. Alama nusu zitolewe kwa nguo na nusu kwa jasho. Jasho lithibitishwe kwa kiapo cha mke, mume, au mtu yeyote anayekula amepakata sahani kwa sababu ya masomo hayo. Kila kidole kilichochomwa kiwe na alama yake, isipokuwa mtu akijichoma makusudi ili afaulu, ambapo apewe alama mbili, maana huyo amejitahidi zaidi. Kuguna kuhesabiwe. Kuzungumza na kwapa kuhesabiwe. Mwanafunzi atakayeshindwa kabisa, yaani akatoka na kitu ambacho hakuna anayejua ni nini, apewe mia moja, kwa kuwa ni dhahiri amesafiri mbali kuliko wote. Pia neno "shati" lielezwe upya katika mtaala wenu kuwa ni vazi lolote ambalo aliyelishona alikuwa na nia njema ya kulifanya shati. Na kama mtaona inafaa, familia nazo zipewe vyeti. Changu kiandikwe "Sanamu, Daraja la Kwanza."

8. Hili la mwisho sikutaka kuliandika, lakini nimezoea kumalizia jalada.

Siku ya matokeo mzee wangu alirudi na shati limekunjwa vizuri, pindo kwa pindo, kama linakwenda kupewa mtu zawadi. Akaliweka juu ya cherehani. Akaitundika kofia kwenye msumari. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Thelathini na moja." Nikasema, "Si haba." Akasema, "Ni haba." Akaenda kuketi mlangoni, mahali pale pale alipokuwa akiketi kabla hamjamkubali.

Tangu siku hiyo hajaigusa cherehani. Niliifunika kwa kitambaa ili isipate vumbi, na yeye akaniona nikiifunika, akaniacha. Anakula. Anaitika salamu. Wajukuu wakimwomba apige filimbi anawaambia kesho. Ndugu Mkuu, mimi niliichukia kelele ya mashine ile. Nilikuwa nikiisikia tangu kwenye kona ya njia na kusema moyoni, yule bado anakanyaga. Sasa nafika kwenye kona ile na kusimama kidogo, nasikiliza, na hakuna kitu. Nyumba imenyamaza mpaka nasikia maji yakichemka.

Ndiyo maana nataka hamsini. Siombi tisini na mbili. Naomba alama kumi na tisa tu, ambazo ninyi mnazo nyingi na hamzitumii, mzee wangu anyanyuke mlangoni.

Naomba nijibiwe kwa maandishi. Nisipojibiwa, nitalazimika kuandika tena, na kama unavyojionea, mimi siandiki kwa ufupi.

Nisalimie bawabu wa chuo, yule anayewaita wanafunzi wote "mhandisi." Nisalimie mama wa kantini. Nisalimie binti wa nywele fupi, nilichosema juu ya chingamu kisimfikie. Nisalimie wanafunzi wote wa darasa la jioni na watu wa nyumbani mwao, hasa wale waliosimama kuwa sanamu. Msalimie hata mwalimu, ambaye ni mtu mwema na ndiyo sababu inanichukua kurasa nyingi hivi kumchukia.

Ni mimi, kwa heshima na kwa nakala tatu,

Karani wa Mahakama,
mke wa Mzee Reli wa benchi la nyuma.

Nyongeza: Nilipomaliza kupiga chapa nilikwenda kutafuta bahasha. Niliporudi, mzee wangu alikuwa ameishika barua hii, miwani imemshukia puani. Alikwisha kufika dai la tatu. Nikaketi kungoja anishukuru. Alipofika kwenye mkono wangu kutokea kwenye kola, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikainuka kumfuata. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Umeandika vizuri sana," akasema. "Lakini mama watoto, lile shati ni baya."

"Ulijitahidi."

"Nilijitahidi sana. Ndiyo maana najua ni baya na najua limeharibikia wapi. Yule binti wa chingamu aliniambia niweke alama ya chaki kwenye mkono wa kushoto, nikajifanya nakumbuka."

Halafu akasema, "Mwambie Mkuu asinipe hizo kumi na tisa. Akinipa, atakuwa amenimaliza. Jioni nitakwenda wapi?"

Akafunua cherehani, akachukua wembe, akaanza kulifumua shati, kola kwanza. Jana amejiandikisha upya, darasa lile lile. Kwa hiyo madai yangu yote, kuanzia la kwanza hadi la nane, nayaondoa rasmi. Ningeichana barua yenyewe, lakini imekwisha kupewa nambari, na mimi hati yenye nambari siwezi kuichana.

Kwa kuwa karatasi bado ina nafasi, niseme na hili. Jumamosi mahakama inaniaga. Na mimi nastaafu. Wenzangu wamenizawadia kitambaa cha gauni, cha zambarau, kizuri hata nashindwa kukikunja. Mzee wangu alipokiona akafuta mikono kwenye suruali, akaninyooshea. "Nipe nikushonee."

Nami, Ndugu Mkuu wa Chuo, niliyeandika kurasa zote hizi, nikajikuta nimekikumbatia kile kitambaa na kurudi kinyumenyume hadi mgongo ukagusa ukuta. Tukatazamana. Yeye akaanza kucheka tena, akavua miwani akaifuta. "Twende kwa mwalimu," akasema. "Tena twende wote, nikaone anavyokata."

Tumekwenda. Mwalimu amenipima mwenyewe, mzee wangu akishika ncha ya pili ya utepe. Mwalimu alipofika tumboni nililibana kwa nguvu zangu zote. Nilishika pumzi mpaka masikio yakavuma na jasho likanitoka. Akangoja. "Pumua, mama," akasema, na nilipopumua ndipo alipoandika. Sikubishana naye. Nataka gauni linitoshe.

Nina ombi moja tu lililobaki, nalo ni la haraka. Barua hii, tafadhali sana, mwalimu asiione kabla ya Ijumaa jioni. Gauni bado liko kwake.